Alama Inapogeuka

Shuleni Bukavu hesabu hufundishwa kwa Kifaransa, lakini darasa likikwama mwalimu huhamia Kiswahili, na hapo ndipo utajua kama ni fundi. Mpime kwa inekwasyo za daraja la kwanza, zile za kutafuta x wakati pande mbili hazilingani. Wengi hulipitia somo hili mbiombio kwa sababu linafanana mno na ekwasyo.

Tuseme mama yuko soko la Kadutu na faranga 20,000. Samaki wadogo wa sambaza ni 3,000 kwa kopo, na lazima abaki na 5,000 za pikipiki hadi mtaa wa Panzi. Ubaoni, kwa maelfu, x ikiwa idadi ya makopo: 20 − 3x ≥ 5. Mwalimu anaondoa 20 pande zote: −3x ≥ −15. Kisha chaki inasimama. Anayekimbilia kugawa kwa −3 bila kuangalia ataandika x ≥ 5, yaani mama anunue hata makopo mia na nauli ibaki! Mwalimu hodari haamrishi tu kwamba alama igeuzwe. Anaandika pembeni 2 < 5, anazidisha pande zote kwa −1, anauliza: kati ya −2 na −5, ipi kubwa? Darasa linajibu, na alama inageuzwa na wanafunzi wenyewe: x ≤ 5.

Mimi nawahusudu zaidi wanaoikwepa hatari hiyo tangu mwanzo. Wanaihamisha 3x iwe chanya ng'ambo ya pili, wanapata 15 ≥ 3x, na hakuna cha kugeuza.

Alama < na > zilichapwa mwaka 1631 katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, miaka 10 baada ya kifo chake. Kistari cha chini, kile cha ≤, kilikuja baadaye, nacho ndicho kinachompa mama kopo la tano. Kwenye mstari wa namba, 5 inapata nukta iliyojazwa, kwenye daftari, ]−∞, 5], mabano ya kulia yakiishika 5. Lakini fundi haishii hapo. Hakuna anayenunua makopo −4, kwa hiyo anafuta namba hasi, zinabaki 0 hadi 5.

Katika mtihani wa taifa mwanafunzi huchagua jibu tu. Kazi yote hii haionekani. Hata hivyo mwalimu anahakiki. Kwa 5, zinabaki 5,000 kamili. Kwa 6, zinabaki 2,000, na mama atafika Panzi kwa miguu.