Sifa za Mkate wa Kubanika

Wapishi wa pwani yetu huheshimiwa kwa kadiri ya jasho lao. Mpishi wa biriani, ambaye ameamka kabla ya adhana ya alfajiri kukaanga vitunguu na kuilaza nyama katika mtindi na viungo, husifiwa hata harusi yenyewe ikasahauliwa. Fundi wa halua, asimamaye juu ya sufuria ya shaba akikoroga mpaka mikono ikafa ganzi, hujulikana kwa jina mtaa hata mtaa. Na bibi ajuaye kuumua mkate wa kumimina hupelekewa salamu na watu asiowajua. Lakini aliyebanika kipande cha mkate, akakipaka mafuta, akatandaza juu yake jibini na tungule, yeye hapewi hata asante iliyo kamili, kwa kuwa wengi hudhani kwamba hakupika, bali ametafuta njia ya mkato ya kutuliza njaa. Nataka kuipinga dhana hiyo, nami naipinga kutoka Brussels, mji wa mvua na mawingu usioota mzeituni, ambamo tungule huiva nje ya nyumba za vioo kwa miezi michache tu, na ambao kwa ajili ya ubahili wake huo humlazimisha mtu kuwa fundi.

Chakula chenyewe ni cha Waitalia, nao hukiita bruschetta. Asili yake ni mkate wa jana, uliokatwa unene wa kidole, ukabanikwa juu ya makaa, ukasuguliwa kitunguu saumu ungali moto, kisha ukanyweshwa mafuta ya zeituni na kunyunyiziwa chumvi. Huko Toscana, msimu wa kukamua zeituni ufikapo, yapata mwezi wa Novemba, watu hula mkate huo kwa mafuta peke yake, wakiuita fettunta, wapate kuyaonja mafuta mapya yangali makali kooni. Basi mkate ule ulikuwa njia ya kuyapima mafuta kabla haujapandishwa daraja kuwa kitangulizi cha karamu. Tungule, au nyanya kwa kauli ya watu wa bara, ilikuja baadaye. Ni mgeni aliyetoka Amerika pamoja na Wahispania katika karne ya 16, akakaa muda mrefu akitazamwa kwa shaka, na kitabu cha mapishi cha Antonio Latini, kilichochapishwa Napoli katika miaka ya 1690, ni miongoni mwa vya kwanza kuandika namna ya kuigeuza tungule kuwa mchuzi.

Waitalia nao hawakuletwa Ubelgiji na mapishi. Waliletwa na makaa ya mawe. Tarehe 23 Juni 1946 serikali mbili zilitia sahihi mkataba, Italia ikakubali kutoa wafanyakazi 50,000 kwa machimbo ya Ubelgiji, na Ubelgiji ikakubali kuiuzia Italia makaa. Watu wakapakiwa katika treni kutoka Milano, na wengi wao walipofika wakapewa malazi katika vibanda vilivyokuwa vya wafungwa wa vita. Tarehe 8 Agosti 1956 moto katika shimo la Bois du Cazier, kule Marcinelle, uliua watu 262, na Waitalia kati yao walikuwa 136. Nayataja haya kwa sababu mlaji wa leo, aagizaye bruschetta katika mkahawa wa Ixelles, hapa Brussels, huku akitazama saa, hudhani kwamba chakula hiki kimekuja mjini kwa anasa. Na tena kwa sababu habari hii haiko mbali nasi. Katika miaka ile ile kampuni ya Union Minière, ambayo makao yake yalikuwa humu humu Brussels, ilikuwa ikichimba shaba Katanga, huko Kongo, kwa mikono ya watu walioamriwa na kuelewana kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho cha Lubumbashi ndicho nikisikiacho nipitapo Matonge, mtaa wa Waafrika ulio karibu na Porte de Namur, kikipenya katikati ya Kilingala na Kifaransa. Mchimba makaa na mchimba shaba hawakupata kuonana, lakini wajukuu wao hununua tungule kwa mchuuzi mmoja.

Mchuuzi huyo hupatikana Jumapili asubuhi katika soko la Midi, lililozunguka kituo cha reli cha jina hilo, mahali ambapo zeituni huuzwa kwa upawa, mnanaa na kotmiri kwa mafungu, na bei hushuka kadiri adhuhuri inavyokaribia. Au hupatikana katika soko la machinjioni la Anderlecht, chini ya paa kubwa la chuma lililojengwa mwaka 1890, na mlango wa soko hilo una sanamu mbili za mafahali wa shaba nyeusi. Tungule zake nyingi zimekulia katika nyumba za vioo za Flanders na kupitia mnada wa miji kama Hoogstraten. Ni nzuri kwa sura, zimelingana kama zilizotiwa kipimoni, na ngozi zao ni imara kwa safari. Fundi hazichagui kwa sura. Wala hazinusi pale penye kikonyo, kwa kuwa kikonyo hunukia vizuri hata tunda likiwa halina ladha yoyote. Huligeuza akalinusa kitakoni, akalipima uzito kiganjani, na likimridhisha hulichukua nyumbani na kuliweka dirishani, si katika jokofu. Baridi iliyo chini ya nyuzi 12 hivi huikatisha tungule kutengeneza harufu yake, na harufu ikishapotea hairejezwi kwa chumvi wala kwa mafuta.

Siku ya siku tungule hukatwa vipande vidogo, si vidogo mno, hutiwa chumvi na kuachwa juu ya chujio kwa muda wa nusu saa. Hapo ndipo asiyejua huona ajabu: chumvi huyavuta maji yaliyojificha ndani ya nyama ya tunda, yakadondoka katika bakuli chini yake, na vipande vikabaki vimekaza na ladha yao imekusanyika. Mama zetu wanalijua jambo hili tangu zamani, kwani hakuna mtengeneza kachumbari wa haja atiaye kitunguu mezani bila kwanza kukifinya kwa chumvi. Wako wapishi wanaotupa mbegu pamoja na ute wake, wakidai kwamba ute huo hulowesha mkate. Mimi sikubaliani nao: ule ute ndio wenye ukali mtamu wa tungule, na dawa ya maji ni kuchuja, si kutupa.

Hutiwa pia jani la mrehani, lililochanwa kwa vidole. Mtu wa pwani hana budi kutabasamu hapa. Kwetu rehani ni ya kikuba, hufungwa pamoja na asumini ikavaliwa kifuani na mwenye kutaka kupendeza. Kuiona imelala juu ya mkate, ikitafunwa na karani mwenye tai, ni jambo linalohitaji moyo wa uvumilivu. Lakini baada ya tonge la kwanza nafsi hukiri.

Sasa mkate. Ule laini wa maduka makubwa, uliokatwa pande nne, haufai, maana hauna mifupa; ukipata mafuta huzirai. Utakiwao ni mkate wa chachu, wenye ganda nene na matundu ndani, uliolala usiku mmoja. Waoka mikate wa Brussels wana desturi ya kumwuliza mteja kama wamkatie mkate wake kwa mashine, nao huuliza kwa upole mkubwa, ila mwenye azma ya kubanika na akatae, kwa kuwa mashine hukata nyembamba na moto utaukausha mkate hadi kiini. Kile chombo cha umeme kirushacho vipande vya tosti nacho nakiweka kando, kwani hukausha ndani na nje sawasawa, hali sisi twataka nje pakauke na ndani pabaki laini. Mwenye seredani na makaa ana bahati. Mkaazi wa ghorofa ya nne mjini hapa atatumia kikaango kizito cha chuma, kilichopata moto barabara, kisicho na mafuta. Mwaka 1912 Louis-Camille Maillard, tabibu na mkemia wa Kifaransa, alieleza jinsi sukari na asili za protini zinavyokutana motoni zikazaa rangi ya hudhurungi na harufu yake. Mwanamke wa pwani abanikaye mkate wa jana kwa ajili ya watoto alikuwa akiyatumia maarifa hayo kabla hayajapewa jina la mtu. Rangi itafutwayo ni ya hudhurungi, pembezoni pakiwa na weusi kidogo. Kisha kitunguu saumu kibichi hupitishwa juu ya uso ule uliokauka, nao huwa mfano wa mbuzi ya kukunia nazi: hukikuna kitunguu kikapungua mkononi, na moto wa mkate huutoa ukali wake bila kuuchoma. Kupitisha mara moja kwatosha. Mwenye kuzidisha atawaaga wageni wake mapema.

Kuhusu jibini ndipo ninapoachana na Waitalia kwa heshima. Wao watakwambia mozzarella au ricotta, na ricotta ni kitu cha kustahiwa, kwa kuwa hutengenezwa kwa maji yaliyobaki baada ya jibini jingine kutolewa, yakapashwa moto tena mpaka protini yake ikagandamana. Lakini Brussels ina jibini bichi lake lenyewe, liitwalo plattekaas, jeupe, laini, lenye uchachu wa mbali, ambalo wenyeji tangu zamani hulipaka juu ya mkate na kulila pamoja na figili na vitunguu vya majani, wakiliteremsha kwa ile bia yao chachu ambayo mimi nawaachia wao. Katika mikahawa mikongwe ya katikati ya mji, kama À la Mort Subite, mkate huo ungali unaletwa mezani hadi leo. Nani asiyeona kwamba mkate wa mwenyeji na mkate wa mhamiaji ilikuwa ikitafutana? Plattekaas ina ila moja, nayo ni maji. Kwa hiyo hufungwa katika kitambaa cha melimeli na kutundikwa juu ya bakuli tangu usiku, hata asubuhi ikawa nzito kiasi cha kusimama juu ya kisu. Hapo hupakwa juu ya mkate, chini ya tungule, si juu yake, kwa maana mafuta na unene wa jibini huzuia maji ya tunda yasiufikie mkate upesi. Mafuta ya zeituni humiminwa mwisho kabisa, kwa ukarimu.

Kila kitu katika sahani hii kina saa yake. Jibini hudai usiku mzima; tungule hudai siku kadhaa dirishani na nusu saa juu ya chumvi; mkate hudai kulala usiku na kisha dakika chache motoni; na vyote vikikutana, havikai pamoja ila kwa muda mfupi sana kabla ganda halijalainika. Mpishi wa biriani ana rehema ya dumu, yaani mvuke uliofungiwa chunguni: akichelewa kuipakua, hudumu motomoto chini ya mfuniko, na wengine husema huzidi kunoga. Mbanika mkate hana dumu. Ustadi wake wote umo katika kuzipanga saa hizo zilizo mbalimbali zikaishia katika dakika moja, nao ni ustadi usioonekana, kwa kuwa ukifanywa vizuri mlaji huona mkate tu. Haidhuru, ziko kazi nyingi za namna hiyo. Ila adabu moja yafaa ifuatwe, nayo ni kwamba wageni wakae kitako kwanza ndipo mkate uingie motoni. Hapa mjini hilo ni jepesi, kwani mgeni aliyealikwa saa moja usiku hupiga kengele saa moja kamili akiwa na ua mkononi. Jamaa zangu wa Mombasa nimewazoea, nami siubaniki mpaka nisikie viatu vyao vinavuliwa mlangoni.

Mwezi wa Januari chakula hiki kisipikwe. Nyumba za vioo hutoa tungule hata wakati huo, nyekundu na zenye kung'aa, na wako watu wa heshima wanaodai kwamba sukari kidogo na siki huzitengeneza. Mimi katika miezi hiyo hurudi kwa wakulima wa Toscana, nikala mkate, mafuta na chumvi; na siku nikitamani jibini, hutafuta figili za wenyeji.