Sikio la Fundi wa Stata

Pikipiki ikigoma kuwaka asubuhi, kijiweni hakosekani wa kutoa hukumu: "Betri hiyo imekufa, nunua nyingine." Fundi wa kweli hamjibu. Anawasha swichi, anaitazama taa ya nyutro, anapiga honi, ndipo anabonyeza stata na kutega sikio. Ikilia "tak" moja kisha kimya, rilei imeitika ila umeme mkubwa haufiki kwenye mota, au mota yenyewe imekwama. Ikilia "tatatata" mfululizo, betri imechoka au vichwa vyake vimelegea. Pasiposikika kitu, atashuku fyuzi, swichi ya klachi, au ya stendi kwa pikipiki zenye nayo. Boxer nyingi za bodaboda bado zina kiki, nayo ni shahidi wa bure: ikiwaka kwa kiki moja, injini na plagi hazina kesi.

Ninachokisifu si wepesi wa mikono, maana mikono myepesi imejaa mjini. Ni ule ukaidi wa kutogusa nati hata moja kabla ya kupima. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Mjuzi nusu huishia hapo na kuitangaza nzima. Fundi hubonyeza stata macho yakiwa kwenye mita. Ikiporomoka hadi 8, basi ile 12.6 ilikuwa ya kujionyesha tu.

Je, ikibaki juu ya 10 na mota bado inajikokota? Hapo ndipo ufundi unaponoga. Anaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, anabonyeza tena. Inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikisoma volti 2, mwizi kanaswa: ni waya wa hasi, pale boliti yake ilipoota kutu chini ya matope. Stata hunywa umeme mwingi. Ikivuta ampea 60, ukinzani wa omu 0.04 tu unameza volti 2.4. Ukinzani mdogo hivyo jicho haliuoni, na mita ya kawaida haiupati stata ikiwa imelala. Lazima umshike mwizi akiwa kazini. Dawa yake ni msasa na spana.

Tatizo hili la umeme kuzidiwa na mzigo si geni. Mwaka 1914 kampuni ya Indian ya Marekani ilitoa Hendee Special, pikipiki yenye stata ya umeme. Betri za enzi hizo hazikuumudu mzigo, mpango ukaachwa, watu wakarudi kupiga kiki.

Yuko pia fundi anayebadilisha betri, akabadilisha rilei, akamalizia na mota, mpaka chombo kiwake. Kitawaka, sikatai. Lakini ugonjwa hakuujua, na ada ya kujifunza kwake umelipa wewe.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hela ya betri mpya, mwombe fundi aipime huku stata imebonyezwa. Asipotaka, peleka pikipiki kwingine. Na ukimpata anayemaliza kazi kwa kipande cha msasa, usimpunje eti kwa sababu hakubadilisha kifaa. Mlipe.