Mzigo Uliopakiwa Haujafika: Uhakiki wa Istilahi ya "Kupakia"

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi mbili zilizoenea katika huduma zinazotolewa kwa njia ya intaneti, yaani pakia na pakua. Ya kwanza hutumika kwa kitendo cha kulitoa faili katika simu au kompyuta ya mtumiaji na kulipeleka katika seva; ya pili, kwa kitendo cha kulileta kutoka huko. Hatukusudii kuziondoa, kwani zimekwisha kuzoeleka. Tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi ya kwanza imebebeshwa maana isiyokuwa yake, na kwamba jambo hilo, hasa katika shughuli za mahakama, laweza kumpotezea mtu haki yake.

2. Sifa za istilahi hizi

Yafaa tuanze na sifa. Maneno haya hayakukopwa. Ni mali ya lugha yenyewe. Ni mafupi, na yananyambulika bila taabu: upakiaji, mpakiaji, pakiwa, pakuliwa. Yamejengwa kwa utaratibu wa vitenzi vya kutendua unaojulikana na kila mwalimu, kama vile kunja na kunjua, ziba na zibua. Bandarini, shehena hupakiwa melini na hupakuliwa; waundaji wa istilahi hawakufanya zaidi ya kupanua maana hiyo kutoka shehena hadi faili. Mbinu hii ni ile ile iliyopendelewa na Baraza tangu lilipoundwa mwaka 1967: kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili kabla ya kubisha hodi kwa jirani.

Hata hivyo, neno la bandarini husikika vingine linapopanda bara. Katika soko la Tengeru, chini ya Mlima Meru, mikungu ya ndizi hupakiwa garini. Lakini ifikapo Arusha, aghalabu husemwa kwamba imeshushwa. Kinachopakuliwa ni chakula, kutoka chunguni. Tofauti hii si kosa, ila mwalimu anayefundisha matumizi ya kompyuta hana budi kuieleza mapema.

3. Kasoro kuu

Kasoro iliyo kubwa zaidi imo katika pakia. Tuitazame tena ile mikungu ya Tengeru. Ikiisha kupakiwa, gari bado liko sokoni. Huenda likaharibika njiani. Huenda likafika na mikungu pungufu. Hakuna mchuuzi wa soko la Kilombero atakayelipa kwa kuambiwa tu kwamba ndizi zake zimepakiwa. Katika Kiswahili cha kila siku, kupakia ni mwanzo wa safari, wala si mwisho wake.

Sasa tutazame safari ya faili. Mtumiaji huchagua faili katika simu yake. Simu hutuma nakala ya faili hilo kipande kwa kipande, na faili lenyewe hubaki lilipokuwa. Seva huviweka vipande hivyo mahali pa muda. Ikiwa mtandao umekatika kabla ya kipande cha mwisho, kwa kawaida hakuna faili linalofaa kutumiwa. Vikifika vyote, seva iliyotengenezwa kwa uangalifu hupima ukubwa wa faili, huchunguza aina yake kwa kutazama yaliyomo, kwa sababu jina la faili laweza kudanganya, hutafuta virusi, hulipa faili jina jipya ili lisifute jingine, kisha hulihamishia ghalani na kuandika kumbukumbu yake. Katika kila hatua faili laweza kukataliwa.

Hatua zote hizo hufunikwa na neno moja: "Imepakiwa". Mtumiaji asomaye neno hilo hawezi kujua kama ameambiwa kwamba faili limeondoka, limefika, limekaguliwa au limekubaliwa. Jambo hili huzidishwa utata na kurasa zinazoandika "Inapakia" hata pale ambapo hakuna kinachopelekwa, bali ukurasa wenyewe ndio unaofunguka.

4. Mfano wa mahakama

Arusha ni jiji la mahakama. Mbali na mahakama za nchi, humo imo Mahakama ya Afrika Mashariki, na imo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kwa hiyo wafasiri wake wanajua uzito wa neno moja katika hati. Aidha, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki, istilahi za aina hii si pambo tena.

Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba tarehe ya kufungua maombi ni ile ya kulipwa ada, wala si ile ya kupokelewa kwa nyaraka masjalani. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ufunguaji wa mashauri kwa njia ya kielektroniki zikaweka kwamba hati iliyowasilishwa katika mfumo kabla ya usiku wa manane, kwa saa za Afrika Mashariki, huhesabiwa kuwa imefunguliwa siku hiyo, isipokuwa kama mahakama imeweka muda maalumu au hati imekataliwa. Baada ya hapo yalizuka mabishano mahakamani: je, siku ya kuhesabiwa ni ya kutuma au ya kulipa?

Tuchukue mfano wa wakili aliye Usa River, ambaye muda wa rufaa ya mteja wake unakwisha leo. Saa 5:58 usiku anatuma hati, na kioo cha simu kinaandika "Imepakiwa". Analala. Asubuhi anakuta kwamba hati ilikataliwa kwa kuzidi ukubwa, au kwamba alipaswa kubonyeza kitufe kingine cha kuwasilisha. Sheria ilitaka kuwasilisha. Kioo kilimwambia kupakia. Mteja wake ndiye atakayelipa gharama ya tofauti ya maneno hayo mawili.

5. Msamiati wa masjala

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta dawa. Kila mtumishi wa serikali anaijua masjala. Barua ikiletwa, karani huipokea, huitazama, huigonga muhuri wenye tarehe, huisajili, kisha huiweka katika jalada lake. Kila kitendo kina neno lake, na hakuna karani anayechanganya kuleta na kupokea. Seva ni masjala, na istahili msamiati wa masjala.

Hapa pana angalizo moja. Ofisini, faili na jalada hutumika kwa mkusanyo wa karatasi nyingi. Katika kompyuta, faili laweza kuwa hati moja tu. Agizo la "pakia faili la shauri" laweza kumfanya mwananchi atafute jalada zima.

6. Mapendekezo

Tunapendekeza matumizi yafuatayo:

(a) Pakia litumike kwa kitendo cha kutuma tu, na lisitumike kutangaza mafanikio.
(b) Imepokelewa litumike pale tu ambapo seva imelipata faili lote na kulikagua, na liandamane na tarehe, saa na namba ya usajili.
(c) Imekataliwa liandamane na sababu, kwa mfano ukubwa au aina ya faili.
(d) Wasilisha libaki kuwa neno la kitendo cha kisheria, wala lisifanywe kisawe cha pakia.
(e) Inafunguka litumike kwa ukurasa unaosubiriwa, badala ya "Inapakia".
(f) Mwananchi aombwe hati. Faili liachiwe mafundi. Jalada libaki kwa mkusanyo wa nyaraka za shauri.

Huenda mtu akasema kwamba istilahi si maelezo, na kwamba watumiaji watazoea. Ni kweli kwamba watu huzoea mengi. Lakini muda wa rufaa haumngojei mtu azoee. Mfasiri atakayepewa kazi ya kutafsiri ukurasa wa huduma na aulize kwanza: mashine imefanya nini hasa inapotoa ujumbe huu? Akiisha kujibiwa, ndipo achague neno.