Kifaa Kikifa, Nani Anaumia?

Risiti nyingi za maduka ya simu na redio zina mstari mmoja chini kabisa, umepigwa kwa herufi kubwa: mali ikishauzwa hairudishwi. Ndani ya boksi mna karatasi nyingine inayosema kifaa kina waranti ya mwaka mzima. Mteja wa Katubuka, hapa Kigoma, anatoka dukani na karatasi mbili zinazokataana, na wala hajali, maana simu inawaka na kioo kinang'aa. Ugomvi wa karatasi hizo huanza siku chaji inapogoma kuingia.

Kisheria ugomvi huo umeshakatwa. Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu nzima juu ya masharti yanayohesabika kuwamo kwenye mkataba wa mlaji hata kama hayakuandikwa, na nyingine juu ya wajibu wa mtengenezaji. Mstari wa risiti hauna ubavu mbele ya hayo. Lakini nani atasafiri hadi Dar es Salaam kudai haki ya simu ya laki na nusu? Reli ya Kati kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Nauli ya kwenda na kurudi, kula njiani na siku za kazi zilizopotea vinaimaliza hiyo simu kabla hujafika Kariakoo.

Halafu kuna orodha ya visivyohudumiwa. Isome polepole siku moja: maji, umeme kupanda na kushuka, radi, kufunguliwa na fundi asiyetambuliwa na kampuni. Ukimwomba fundi yeyote wa Katubuka akutajie vinavyoua vifaa hapa, atakupa karibu orodha hiyohiyo. Mvua zikizidi, bwawa la Katubuka hufurika hadi majumbani. Radi za ukanda huu wa Ziwa Tanganyika hazina adabu. Na kwa miaka mingi mji huu uliishi nje ya gridi ya taifa, ukilishwa na jenereta za dizeli za TANESCO. Umeme ukikatika, watu walijifunza kuchomoa televisheni haraka kabla haujarudi kwa kishindo. Waranti ya namna hiyo inamlinda mteja dhidi ya kosa la kiwandani tu, na kosa la kiwandani ndilo adui wake mdogo kuliko wote.

Kwa hiyo sipimi huduma kwa uzuri wa ahadi. Naangalia kitu kimoja: kifaa kikifa leo usiku, kesho asubuhi nani anapoteza hela? Kwa simu iliyolipiwa taslimu, jibu ni mnunuzi, peke yake. Tanzania tumewahi kuona mpango uliogeuza jibu hilo, nao haukutoka kwenye simu. Ulitoka kwenye sola.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni kadhaa ziligundua kwamba familia isiyo na umeme haiwezi kutoa mamia ya maelfu kwa mkupuo, lakini kila siku inatoa hela ya mafuta ya taa na ya kuchajisha simu dukani. M-Pesa ilikuwa imeingia Tanzania mwaka 2008, na watu walikwisha kuizoea. Off Grid Electric, iliyoanzia Arusha na kujulikana kwanza kwa jina la M-Power, ilifunga vifaa nyumbani kwa mteja na kumtoza kwa siku: unalipa kwa simu, unaletewa namba, unaibonyeza, taa zinawaka. Mobisol, kampuni ya Kijerumani iliyoifanya Tanzania kuwa moja ya masoko yake ya mwanzo, iliuza mtambo mkubwa zaidi, wenye uwezo wa kuendesha hata televisheni, kwa malipo ya miezi 36.

Wengi waliishangaa kufuli. Usipolipa, mtambo unajifunga. Magazeti yaliandika kuhusu kufuli, wawekezaji waliipenda kufuli, na sisi mitaani tuliibatiza majina. Mimi naona kufuli ilikuwa nusu tu ya jambo, na nusu isiyovutia. Nusu ya pili ni kwamba kufuli inakata pande zote mbili. Betri ikifa mwezi wa saba, mteja hana sababu ya kulipa mwezi wa nane. Hahitaji wakili wala barua ya malalamiko. Anaacha kutuma hela, basi. Kampuni imeshatoa mtaji wote mwanzoni, paneli iko juu ya bati la mtu kijijini, na deni la miezi 29 linaning'inia. Hapo kumpeleka fundi haraka si wema tena. Ni kukimbilia hela yako mwenyewe.

Tazama sasa kazi ilivyofanywa, maana uhodari upo kwenye vitu vidogo.

Ndani ya kontrola ya Mobisol, lile boksi linalopokea umeme wa paneli na kuujaza kwenye betri, waliweka modemu ya mtandao wa simu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufungua na kufunga kulingana na malipo. Lakini modemu hiyohiyo ilipeleka taarifa za kiufundi makao makuu, na fundi aliyekaa mbali aliweza kuona hali ya mtambo uliofungwa kijijini bila kupanda pikipiki.

Anayejua sola anaelewa utajiri wa taarifa hizo. Volti za betri zikishuka haraka kila usiku huku paneli ikiingiza vizuri mchana, betri inachoka. Paneli ikiingiza kidogo hata saa sita mchana, siku baada ya siku, ama imejaa vumbi ama mwembe wa jirani umeota ukaiziba, na hapo huhitaji spea yoyote: piga simu, mwambie mzee apande apanguse, au akate tawi. Taarifa zikikatika kabisa, yawezekana mtandao wa simu ni mbovu, yawezekana boksi limechomolewa. Na mtambo ukifa ghafla usiku wa mvua kubwa, unajua la kumuuliza mteja kwanza.

Hilo ndilo lilikuwa badiliko kubwa. Katika biashara ya kawaida anayeanza ni mteja: abebe kifaa, asafiri, aeleze, aaminike. Pale muuzaji alikuwa na uwezo wa kuwa wa kwanza kujua. Wakati mwingine mwenye nyumba alikuwa bado hajagundua kwamba betri yake imeanza kulegea.

La pili ni namna mtambo ulivyogawanywa. Paneli, betri, kontrola, taa, nyaya, kila kimoja kinachomoka peke yake. Fundi wa wilayani hakulazimika kujua kuchomea kijisehemu kwenye bodi. Alitakiwa kujua kipi kimekufa, akichomoe, aweke kizima, abebe kibovu. Mobisol ilianzisha chuo chake cha kufundisha mafundi na mawakala, ikakiita Akademie, na mtu aliyepita hapo alijua kufunga, kupima na pia kuongea na mteja. Hilo la mwisho tunalidharau. Mama anayesema "taa zimegoma" anaweza kumaanisha taa moja, taa zote, au kwamba muda wa malipo umeisha naye hajasoma ujumbe. Mtu wa kituo cha simu aliyefundwa anauliza: mama, kwenye lile boksi kuna taa inawaka? Ya rangi gani? Umeshika waya wa betri ukaona kama umekaza? Maswali matatu kwa Kiswahili cha nyumbani yanaokoa safari ya siku nzima.

Na la tatu, bei. Huduma ya miaka mitatu ilikuwa imeshahesabiwa ndani ya malipo ya kila mwezi, kwa hiyo mteja aliilipia hata asipoihitaji. Kuna waliosema sola hizo ni ghali ukilinganisha na kununua paneli na betri vipandevipande sokoni Mwanga. Ni kweli, ilikuwa ghali zaidi. Ila anayenunua vipande anajilipia ufundi wake mwenyewe, na betri ya risasi ikinyonywa hadi chini usiku baada ya usiku bila kontrola ya kuizuia haina maisha marefu, hata kama imeandikwa Kijerumani ubavuni.

Kwa uchumi, mpango huu haukuwa mwepesi. Februari 2015 Off Grid Electric na serikali walitangaza mpango wa nyumba milioni moja za sola, na kila mtu alizungumzia idadi za kufunga. Idadi za kuhudumia zilisikika kidogo. Aprili 2019 Mobisol iliingia kwenye ufilisi Ujerumani, na mwaka huohuo ikachukuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Sidai huduma ndiyo iliyoiangusha. Nasema tu kwamba kumfikia mteja mmoja mmoja, huyu Kasulu, yule Uvinza, mwingine mwambao wa ziwa kusikofika gari, kuna gharama ambayo mtu wa Berlin akiitazama kwenye karatasi anaona ndogo kuliko ilivyo. Na hapa kuna udhaifu wa mpango mzima: mtambo unaofunguliwa kutoka mbali unahitaji kuwa na mtu huko mbali. Mwenye kampuni akianguka, mteja aliyebakiza miezi kumi amebaki na boksi linalongoja ujumbe. Safari hiyo alipatikana mnunuzi.

Kampuni za simu zilipita njia nyingine. Transsion ya China, yenye Tecno, Itel na Infinix, ilianzisha Carlcare mwaka 2009 kama mtandao wake wa matengenezo, wakati washindani wengi waliiona Afrika kama soko la kumwaga mali na kuondoka. Spea zilikuwepo, mafundi walikuwepo, na simu ilitambuliwa kwa namba yake ya IMEI badala ya risiti iliyofifia. Nadhani hilo liliuza simu nyingi kuliko kamera. Lakini kituo cha matengenezo kinafuata wingi wa watu, na mantiki yake bado ni ya mteja kukifuata. Kadiri unavyoliacha jiji kubwa nyuma, ndivyo waranti inavyopungua nguvu, hata kama miezi iliyoandikwa ni ileile. Na mtu wa Kalemie au Uvira, upande wa Kongo wa ziwa, aliyenunua simu Kigoma akavuka nayo kwa boti ya Kibirizi, waranti nyingi humwachia mpakani.

Katikati ya pengo hilo amekaa fundi wa mtaani. Namtetea, ingawa najua dhambi zake. Meza yake ina mashine ya hewa moto, mita, risasi ya kuchomea, mswaki uliolowa spiriti na sanduku la simu maiti anazozichinja kupata spea. Simu isiyoingiza chaji anaanza kuisafisha tundu la chaji kwa mswaki, kisha anajaribu waya mwingine, kisha anapima betri. Mara nyingi tatizo linaishia hapo na mteja analipa elfu chache. Hana waranti ya maandishi, lakini yupo palepale kesho, na ukirudi na malalamiko watu wa foleni wanasikia. Anaumia jina, kidogo, na hilo kidogo linamfanya awe mwangalifu kuliko duka lenye kibandiko cha kampuni mlangoni. Kosa lake kubwa ni spea feki na kuflashi simu ambayo haikuhitaji kuflashiwa. Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia Juni 2016, wengi walijifunza kwa mara ya kwanza kubonyeza *#06# na kuisoma IMEI. Fundi anayebadilisha bodi nzima bila kukwambia anabadilisha pia namba hiyo, na waranti iliyobaki inakwenda nayo.

Sasa zimeingia simu za mkopo. Unatoa kianzio, unalipa kila siku au kila wiki, ukichelewa simu inajifunga. Ukiitazama haraka utasema ni sola ileile imerudi. Sivyo. Simu ya mkopo kioo kikipasuka, au ikadumbukia majini, kwa mikataba mingi deni linaendelea kama kawaida. Mteja hawezi kuacha kulipa kwa sababu laini yake, picha zake na jina lake katika orodha ya wakopaji viko rehani. Kufuli imehama kutoka sola kwenda simu, lakini ule upande wake wa pili, uliokuwa ukimkata muuzaji, umeachwa njiani. Muuzaji amebaki na nguvu ya kufunga bila wajibu wa kufufua.

Kulirekebisha hilo si kazi ya teknolojia mpya. Programu inayoweza kuifunga simu kutoka mbali inaweza pia kusimamisha tarehe za malipo tangu siku simu ilipopokelewa mezani kwa fundi hadi siku iliporudishwa mkononi mwa mteja. Duka la Katubuka linaloiuza linaweza kuweka simu tatu nne za kuazimisha, na mafundi wawili wa mtaa wapewe spea halisi na ruhusa ya kufungua simu bila kuvunja waranti. Bei ya wiki ingepanda kidogo. Yule mama aliyekuwa akilipia huduma ya sola ndani ya malipo yake ya mwezi alikwisha kuonyesha kwamba watu wa huku hulipia huduma, mradi waione ikifika. Kwa hiyo unapoletewa mkataba wa simu ya mkopo, ruka kurasa za riba kwanza na utafute kipengele cha matengenezo. Kama hakisemi malipo yanakuwaje simu ikiwa kwa fundi, na nani analipia kifurushi cha basi kwenda Dar, mwulize muuzaji akuandikie kwa mkono pembeni, aweke na sahihi yake.