Kinjeketile na Mhakiki wa Kukodi

Swali la tamthiliya likitoka, sisi wanafunzi hukimbilia kutafuta mhakiki wa kutuunga mkono. Hatuulizani anasema nini, tunaulizana yuko ukurasa wa ngapi. Likizo iliyopita nami nilikwenda nyumbani Tukuyu na insha ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, pamoja na madesa yenye nondo tatu: umoja, ushujaa, kupinga ukoloni. Nikajiona nimemaliza kazi.

Mvua ya Rungwe ikatufungia jikoni siku mbili, nikawa namsomea mdogo wangu kwa sauti. Pale Kinjeketile, akiwa amepagawa, anapotamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, akanikatiza: "Kaka, huyo Sultani wa Unguja kaingiaje tena?" Nikapekua madesa. Kimya!

Kwa maoni yangu, roho ya tamthiliya iko hapo hapo. Mtu anayetarajiwa kuwaondolea wenzake Mjerumani anataja, kwa kinywa chake mwenyewe, mtawala mwingine, tena aliyefariki tangu 1856. Akili zikimrudia, shaka inaanza kumtafuna. Anataka vita vingoje, wenzake hawangoji. Ukimwita shujaa wa umoja bila kuigusa shaka hiyo, umehakiki bango la sikukuu.

Wengine hukimbilia historia. Utafiti wa Gwassa kuhusu Maji Maji ni hazina, na sisi wa Rungwe, ambao wazee wetu hawakuingia vita vile vya 1905–1907, tunauhitaji kweli kweli. Lakini hauthibitishi mhusika. Hussein mwenyewe, katika utangulizi, anamtenga Kinjeketile wa jukwaani na yule wa Ngarambe. (Utangulizi nao tusiugeuze hukumu ya mahakama, mtunzi naye ni msomaji, ila amekaa karibu mno.) Kitabu cha Alain Ricard juu ya Hussein, kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 2000, kinafaa zaidi kwa kuwa kinazitazama tamthiliya zake kwa pamoja. Msome Kitaru wa Mashetani (1971) baada ya Kinjeketile: naye hana amani na nafsi yake. Hiyo ndiyo nondo, na haimo katika madesa yoyote niliyoyaona.

Basi insha nimeianza upya, kwa swali la mdogo wangu. Ricard anaingia ukurasa wa tatu, nikishalieleza onyesho lenyewe, na kuna mahali nabishana naye.