Jiwe Halijui Sanduku Lake

Huku Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, hakuna anayenunua mawe kwa kutazama gunia. Jiwe hupondwa, likasagwa, unga wake ukaoshwa karaini mpaka mchanga uondoke. Hapo ndipo mstari mwembamba wa manjano hubaki chini, au usibaki. Nimekulia kando ya makarai hayo, na ndiyo yaliyonifundisha kuchagua prosesa ya kuongezewa kasi.

Maana prosesa nayo ni jiwe. Vipande vya silikoni hukatwa kutoka sahani moja, lakini havilingani: kimoja hukimbia kwa volti kidogo, mwenzake hudai nyingi na kuchemka. Kiwanda hukipa kila kimoja kasi ambayo hakitashindwa. Kilichozidi hapo hakiandikwi, nacho ndicho fundi anachokitafuta. Mwaka 1998 Intel iliuza Celeron 300A ya megahezi 300; waliopandisha mapigo ya ubao mkuu kutoka 66 hadi 100 waliiona wengi wao ikienda kwa 450.

Madukani Luthuli Avenue, Nairobi, utaulizwa: ya sanduku au ya trei? Ya sanduku ina dhamana ya mtengenezaji ya miaka 3, na mara nyingi feni. Ya trei, iliyokusudiwa waunganishaji wa kompyuta, huja tupu, na dhamana yake ni ya muuzaji. Silikoni ni ile ile. Feni ya sandukuni haimfai anayeongeza kasi. Intel yenyewe iliacha kuiweka kwenye prosesa zake za 6600K na 6700K za mwaka 2015. Wala dhamana haifidii chipu iliyounguzwa kwa volti za kupindukia.

Kwa hiyo mimi huchukua ya trei, mradi niruhusiwe kuishika na kuisoma. Kwenye namba ya toleo ya Intel, alama ya kwanza ni kiwanda, ya pili mwaka, mbili zinazofuata wiki. Mafundi hukumbuka wiki zilizozaa chipu nzuri kama mchimbaji anavyokumbuka mwamba uliomlipa. Lakini maandishi hughushiwa: miaka ya 1990 matapeli walifuta kasi iliyoandikwa juu ya Pentium wakachapa kubwa zaidi. Mwenye akiba ya kununua mara moja tu namwambia achukue sanduku lenye lakiri nzima.

Kuosha kwenyewe ni usiku, joto la mchana likishapungua, kwa sababu umeme unaoliwa na chipu, na hivyo joto lake, hupanda kwa mraba wa volti. Ninayo prosesa ya Intel, 2500K ya mwaka 2011, ya gigahezi 3.3. Naongeza megahezi 100, nawasha Prime95, programu inayopiga hesabu zenye majibu yanayojulikana na kulalamika ikikosea tarakimu moja. Nasubiri. Naongeza tena. Juzi ilifika 4.5, na baada ya dakika 40 kosa likatokea. Nikarudi hatua moja, nikaiacha.

Alfajiri, wanawake walipoinamia makarai yao, ilikuwa bado inahesabu.