Msalaba Nje ya Kioo: Kanisa la Otaniemi

Kanisa dogo la Otaniemi, huko Espoo nchini Finland, lilijengwa mwaka 1957 kwa ajili ya wanafunzi. Wasanifu wake, Heikki Siren na mkewe Kaija, walitumia matofali na mbao, na ukuta ulio nyuma ya altare wakaufanya wa kioo. Msalaba haumo ndani. Umesimama nje, mweupe, katikati ya miti.

Wengi hulisifu jengo hili wakisema kwamba msitu wenyewe wahubiri. Sifa hiyo ni pungufu. Luther, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, alikataa kumwita mwanateolojia yule anayedai kumwona Mungu waziwazi katika viumbe huku akiupita msalaba kando. Uzuri wa Otaniemi ni kwamba jicho la mwabuduji haliifikii miti pasipo kukutana kwanza na msalaba. Uumbaji haukufukuzwa ibadani, wala haukupewa mimbari. Katika kanisa la Temppeliaukio la Helsinki (1969), lililochimbwa ndani ya mwamba, naona kinyume chake: mwamba ndio unaotawala, na watalii huja kwa ajili yake.

Hata hivyo, swali halikosekani. Meza ya Bwana i ndani, msalaba u nje. Je, usharika haujageuzwa kuwa watazamaji? Nadhani hapana, kwa maana Waebrania 13 hutukumbusha kwamba Bwana aliteswa nje ya lango, nasi twaitwa kumtokea huko. Kanisa hilo liliteketea kwa moto mwaka 1976. Lilipojengwa upya mwaka 1978, msalaba uliachwa nje vilevile.